M83, galaksi ya usiku wa dagaa

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wana kalenda yao, na haijaandikwa popote. Mbalamwezi ikiwa kali wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Giza likirudi wanaingia ziwani na taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga, na taa haina nguvu mwezi ukiwa umeangaza maji yote. Mtu wa Mwanza anayetaka kuona galaksi ya mbali hana haja ya kalenda nyingine. Ukiona mitumbwi ya dagaa inasukumwa majini jua likizama, toa darubini ndani.

Galaksi inayostahili usiku huo, kati ya Juni na Julai, ni M83. Ni galaksi ya spirali, yaani yenye mikono iliyojipinda kuzunguka kiini, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 15 hivi, na imetugeukia karibu uso wake wote, kama sinia lililoegeshwa ukutani. Nuru unayoipokea jichoni ilipoanza safari, ziwa hili halikuwepo. Ziwa Victoria lina umri wa miaka 400,000 hivi. Mawe ya Mwanza yalikuwepo tayari. Granite hiyo iliyobebana huko Capri Point ina miaka ipatayo bilioni 2.5, kwa hiyo safari nzima ya nuru ya M83 ni kipande kidogo tu cha maisha yake.

Kwa nini M83 na si Andromeda, ambayo ni kubwa na ina jina? Sababu ni mahali tulipo. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Andromeda kwetu hupita upande wa kaskazini, na inafika juu jioni miezi ya mvua za vuli, mawingu yakiwa yametanda ziwani. M83 iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya anga, yaani ikweta yetu ikichorwa angani, hivyo inapopita mstari wa kusini, ule unaotoka kusini kamili hadi utosini, hapa Mwanza inafika nyuzi 62 hadi 63 juu ya upeo. Hiyo ni juu kabisa: unainua kichwa, huinamishi. Tena inafika hapo jioni za kiangazi.

Linganisha na waliotutangulia. Aliyeigundua ni Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, mwaka 1752, akiwa Rasi ya Tumaini Jema huku huku Afrika. Ilikuwa galaksi ya kwanza kugunduliwa nje ya kundi dogo la majirani zetu. Darubini aliyotumia ilikuwa na kipenyo cha milimita 13 hivi na ilikuza mara 8. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za milimita 50, kila jicho lake linakusanya nuru karibu mara 15 kuliko kifaa chake. Miaka 29 baadaye mtazama nyota Charles Messier aliiingiza kwenye orodha yake ya madoa ya angani akiwa Paris, na ndipo ilipopata hiyo namba 83. Kule Paris haikumpandia zaidi ya nyuzi 12 hivi juu ya paa za nyumba, kwa hiyo aliitazama kupitia hewa nene zaidi ya mara 4 kuliko anayoipitia mtu wa Mwanza. Haishangazi kwamba aliiona kwa taabu.

Sasa wakati. Mwanzoni mwa Juni M83 inafika juu kabisa saa tatu na nusu usiku. Kila siku inawahi dakika 4, ambayo kwa mwezi mzima ni saa 2. Tarehe 21 Juni inafika juu saa mbili na dakika 25. Katikati ya Julai, giza kamili linapoingia, imeshavuka mstari wa kusini kwa saa moja na ushee lakini bado iko nyuzi 58. Ukichelewa hadi saa nne usiku imeshuka hadi 37. Giza kamili hapa huja karibu saa mbili usiku, dakika 75 hivi baada ya jua kuzama. Kwa hiyo Juni unakula kwa utulivu kisha unatoka. Julai usikae mezani.

Aprili na Mei M83 iko juu usiku wa manane, vizuri mno kwa hesabu, ila masika hairuhusu. Na hata kiangazi kina mambo yake. Nyasi na mashamba yakichomwa, moshi hutanda bondeni, na moshi unaua galaksi kabla haujaua nyota: nyota ni nukta, inapenya; galaksi ni ukungu, na ukungu ndani ya ukungu hauonekani. Kipimo chepesi ni jua lenyewe. Likizama jekundu kama kaa na unaweza kulitazama bila kufumba macho nyuzi kadhaa juu ya upeo, usiku huo tazama nyota pacha na makundi ya nyota, M83 iache. Likikuchoma macho mpaka linapogusa upeo, nenda.

Mahali pa kusimama panahitaji kufikiriwa zaidi ya darubini. M83 iko kusini, ziwa letu liko kaskazini na magharibi. Mtu akisimama Ilemela au Igombe na kugeukia kusini, anatazama juu ya mwanga wa jiji zima. Afadhali uwe kusini mwa jiji, upande wa Misungwi, taa zikiwa mgongoni. Au uvuke kabisa: Sengerema, ama Ukerewe, ambako mwanga wa Mwanza unabaki kama alfajiri ndogo chini kwenye upeo wa kusini na hauifikii galaksi iliyo nyuzi 62 juu. Ukerewe ina tatizo jingine, nalo ni hizo taa za dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa nyeupe za sola, na mtumbwi ulio kilomita moja mbele yako unatosha kuharibu macho uliyoyazoesha giza kwa nusu saa. Usiwachukie wavuvi, wako kazini. Kaa mahali ambapo kichaka au kichuguu kinakukinga na maji, au jifunike kichwa kwa kitenge cheusi kikubwa pamoja na mdomo wa lenzi unayochungulia. Kinaonekana kichekesho kwa jirani, lakini hakuna kifaa cha bei yoyote kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko kitenge.

Usisimame ukingoni mwa maji. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na njia zake ni zile zile kila siku; ukiona nyasi zimelazwa kama barabara kuelekea majini, hapo si pako. Usisimame pia juu ya mawe wala kando ya mawe, ingawa yanavutia kwa uwazi wake. Granite inanywa jua mchana kutwa na kulitema polepole hadi usiku wa manane. Hewa moto inayopanda juu ya jiwe inafanya nyota zicheze kama unazitazama kupitia moshi wa jiko, na kiini cha M83, ambacho kingekuwa nukta kali, kinakuwa doa. Paa la bati na sakafu ya saruji vina kosa hilo hilo. Tafuta nyasi fupi, au shamba lililovunwa, mita 30 au zaidi kutoka kwenye miamba.

Na kabla ya yote, mwambie mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Usukumani sungusungu wanatembea usiku, na mtu aliyeinamia bomba refu gizani na taa nyekundu ana maelezo mengi ya kutoa kama hakuna aliyeambiwa. Ukimtaarifu mapema, mara nyingi walinzi wenyewe wanakuja kuchungulia, na wao ndio wenye macho yaliyozoea giza kuliko mtu yeyote kijijini.

Tuitafute sasa, kwa mfano wa mwanzoni mwa Juni, saa tatu na nusu.

Simama ukielekea kusini. Msalaba wa Kusini uko mbele yako, nyuzi 30 na kidogo juu ya upeo, umeanza kulalia kulia. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali, Alfa na Beta za kundinyota la Kantarusi. Sasa inua kichwa hadi karibu utosini: nyota nyeupe inayong'aa peke yake huko ni Spika. M83 iko kati ya Spika na Msalaba, karibu na mstari unaoshuka kutoka Spika kwenda kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi. Ngumi hiyo inafunika nyuzi 10. Kutoka Spika shuka ngumi mbili kasoro kidogo.

Hapo kwa macho matupu hakuna kitu, ndiyo maana unahitaji nyota ya kushika. Tafuta Menkenti, nyota ya rangi ya machungwa kwenye bega la Kantarusi, juu ya Alfa na Beta. M83 iko ngumi moja kasoro kidogo kutoka Menkenti, kuelekea juu kulia. Elekeza darubini ya 10x50 kwenye Menkenti, kisha sogea taratibu kuelekea juu kulia. Kabla ya kufika utakutana na nyota nne za wastani zilizokaa karibu karibu, zote zinaingia kwenye duara moja la darubini. Wataalamu wa ramani za nyota wanaziita 1, 2, 3 na 4 za Kantarusi. Ziweke ukingoni, chini kushoto. Sasa tulia. M83 iko juu kulia ndani ya duara hilo hilo.

Kosa la kila anayeanza ni kushuka mno. Ukiendelea kusini kwa nyuzi 13 unakutana na Centaurus A, galaksi nyingine, na nyuzi 4 na nusu mbele yake kuna Omega Centauri, mpira mkubwa wa nyota unaoonekana hata kwa macho matupu. Mtu anaona mpira huo mnene, anashangilia, anaamini kapata galaksi. Omega Centauri ni ya humu humu ndani ya galaksi yetu. Kanuni yangu: kama umekiona mara moja bila kuhangaika, hicho si M83.

Na unachokiona ni nini hasa? Dakika ya kwanza, pengine huoni kitu. Mboni inapanuka ndani ya sekunde, lakini kemikali za jicho za kuonea gizani zinahitaji dakika 20 hadi 30 kujaa, na kuchungulia simu mara moja kunazimwaga zote. Simu iweke mfukoni. Taa iwe nyekundu na hafifu, tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu mara mbili au tatu inafaa. Jicho likishazoea, usikodolee pale inapotakiwa kuwa. Katikati ya jicho kuna chembe za kuonea rangi na herufi ndogo, nazo gizani ni vipofu. Chembe za giza ziko pembeni. Peleka macho kwenye moja ya zile nyota nne, huku akili ukiiacha kwenye nafasi ya galaksi. Hapo doa la kijivu linajitokeza, la mviringo, kama pumzi kwenye kioo. Ukiligeukia, linapotea. Ukirudi pembeni, linarudi. Gongagonga darubini kwa kidole kidogo. Jicho linatambua kitu hafifu kinachotikisika kuliko kilichotulia.

Mng'ao wa M83 wote kwa jumla ni 7.5. Katika kipimo hiki namba ikipanda mwanga unapungua, na macho matupu gizani yanaishia kwenye 6. Kwa hesabu hiyo galaksi isingekuwa ngumu, lakini mng'ao huo umepakwa kwenye eneo la dakika 13 kwa 11 za anga (dakika hizi si za saa, 60 zake ni nyuzi moja), karibu nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ni kama kijiko cha siagi kwenye mkate mmoja na kijiko hicho hicho kwenye mikate mia. Ndiyo sababu mtu mwenye darubini kubwa Nyamagana mjini haioni, na mwenye darubini ndogo kule Ukerewe anaiona. Kununua kioo kikubwa ili kushinda taa za jiji ni kupoteza pesa. Nauli ya kivuko inafanya zaidi.

Kwa darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150, doa linapata sehemu mbili: kiini kidogo kikali, karibu kama nyota iliyolowa, na ukungu mpana kukizunguka. Ukikaa nalo robo saa, ukungu unaanza kurefuka upande mmoja. Hilo ni pau, fimbo ya nyota inayokatiza kiini, na mikono ya galaksi huanzia kwenye ncha zake. Kwa milimita 200 na hewa tulivu, mkono mmoja hujitokeza kama kivuli kilichopinda. Kwa milimita 300 hakuna tena kubahatisha, mikono ipo. Anza na ukuzaji mdogo, mara 48 hivi, yaani lenzi ya jicho ya milimita 25 kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200. Ukishaipata panda hadi mara 100. Ukizidisha hapo unaipanua mpaka inayeyuka.

Rangi hazipo. Ule wekundu wa picha, madoa ya waridi yaliyopangwa kwenye mikono, ni hidrojeni inayowaka nuru ya nanomita 656 pale nyota changa zinapozaliwa, na chembe za giza za jicho haziusikii wekundu huo kabisa. Anayetarajia picha atasikitika dakika tano za mwanzo. Mwandae mapema, hasa kama ni mtoto.

Vifaa vyetu vina maadui wa ziwani. Wa kwanza ni umande. Hewa ya ziwa ina maji mengi, na kioo kinachotazama anga hupoa kuliko hewa iliyokizunguka, hivyo matone ya maji yanajikusanya juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Tengeneza bomba la karatasi ngumu nyeusi au godoro jembamba la sponji, refu mara moja na nusu ya kipenyo cha lenzi, ulivalishe mbele. Umande ukishaingia usifute kwa shati. Vumbi la barabara lililoko pale litakwaruza. Peperusha kwa kipande cha boksi na usubiri. Wa pili ni kuvu. Darubini iliyofungwa ikiwa na unyevu huota nyuzi nyuzi kwenye lenzi, na nyuzi hizo hula rangi ya kinga ya kioo zisitoke tena. Asubuhi iache wazi chumbani hadi ikauke kabisa, ndipo uifungie na vipakiti vya kunyonya unyevu. Wengine huweka mchele. Sishauri, mchele una vumbi lake.

Wa tatu ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama nguzo za moshi. Huibuka kwa wingi siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, yaani siku zetu hizi hizi, na hufuata taa. Hawaumi, lakini wanaingia kwenye bomba la darubini na kufia juu ya kioo. Kila usipochungulia, funika mdomo wa bomba kwa kipande cha chandarua na juu yake mfuniko. Ukiona nguzo ya wadudu inasogea kuelekea nchi kavu, zima taa zote, hata ile nyekundu, mpaka ipite.

La nne ni barabara. Darubini ya kioo ikisafiri kwa bodaboda au daladala inafika vioo vimeyumba. Dalili: nyota ukiitoa fokasi inakuwa duara ambalo kivuli chake cha katikati kimeegemea upande. Kaza na kulegeza skrubu tatu za kioo cha nyuma, robo mzunguko kwa mara moja, hadi kivuli kikae katikati. Fanya hivyo baada ya kioo kupoa dakika 30 hadi 45 nje, kwa sababu kioo cha moto kinadanganya.

Kwa wanaotaka picha kuna habari njema ambayo maelezo mengi ya mtandaoni hayaisemi, kwa kuwa yameandikwa na watu wa kaskazini. Wao wanaambiwa waelekeze mhimili wa stendi inayozungusha kamera kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo. Stendi nyingi za kiwandani zinazofuata nyota haziwezi hata kulazwa hadi nyuzi 2.5, kipimo chake kinagota mapema, au uzito wa nyuma unagonga mguu wa stendi. Lakini kuna kifaa cha mbao mbili na bawaba, cha kuizungusha kamera ifuate anga, ambacho Ulaya lazima kiinuliwe mshazari, hapa Mwanza kinalala karibu bapa. Fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza mchana mmoja.

Chukua vipande viwili vya plaiwudi nene, upana sentimita 10, urefu 30. Viunganishe mwisho mmoja kwa bawaba imara isiyocheza. Bawaba ikicheza kazi yote imeharibika, kwa hiyo ijaribu dukani kwa kuitikisa pembeni. Kutoka katikati ya pini ya bawaba pima milimita 229 kamili, toboa mbao ya chini, gandisha hapo nati ya boliti ya milimita 6. Boliti hiyo hupanda milimita 1 kila ikizunguka mara moja, na kwa umbali huo wa 229 mzunguko mmoja kwa dakika ndio mwendo wa anga lenyewe. Ukipima 235, nyota zitaanza kuchora mistari. Kwenye kichwa cha boliti gundisha duara la karatasi ngumu lililogawanywa robo nne. Kila sekunde 15 unazungusha robo. Juu ya mbao ya pili funga kichwa cha kamera.

Kuiweka: bawaba ilale kwenye mstari wa kaskazini na kusini, upande wa magharibi, na boliti iwe mashariki. Boliti inaposukuma, mbao ya juu inafunguka kama kifuniko cha sanduku na kamera inageukia magharibi pamoja na anga. Ncha ya kusini ya kifaa iinue kidogo tu: kwa kila sentimita 30 za urefu, sentimita 1.3. Mstari wenyewe upate mchana. Mwishoni mwa Juni simamisha fimbo ya mita moja wima kabisa. Saa sita na dakika 50 mchana kivuli chake kinakuwa kifupi kuliko vyote, sentimita 49 hivi, na kinaelekea kusini moja kwa moja. Piga kigingi kila mwisho wa kivuli hicho, funga kamba, usiku uifuate kamba. Kwa lenzi ya milimita 50, kosa la nyuzi moja au mbili halitaonekana katika picha ya sekunde 60.

Kwa lenzi ya milimita 135 piga sekunde 30, picha 60 au zaidi, kisha piga 15 za mfuniko ukiwa umefungwa, bila kubadili mpangilio, ili programu iondoe kelele za kamera. Siril na DeepSkyStacker, programu za kuunganisha picha zote kuwa moja, ni za bure na zinatosha. Usitarajie ukubwa: kwa lenzi hiyo M83 yote inachukua upana wa pikseli 130 hivi. Lakini ndani ya pikseli hizo 130 kiini kipo, na duara la mikono lipo.

Wataalamu wanaifuatilia M83 kwa njia nyingine. Umbali wake ulipimwa kwa darubini kubwa za VLT huko Chile, kwa kutafuta ndani yake nyota zinazopwita kwa mpangilio, zile ambazo kadiri pwito lilivyo refu ndivyo nyota ilivyo kali. Ukijua ukali wa kweli na ukali unaouona, umbali unatoka kwenye hesabu. Darubini ya angani ya Hubble imehesabu humo mabaki ya mamia ya nyota zilizolipuka.

Na milipuko ndiyo inayomfanya mwenye darubini ndogo awe na kazi ya kweli hapa. Kati ya 1923 na 1983 supanova 6, yaani nyota zilizolipuka, zilionekana M83, idadi ambayo galaksi chache zimeifikia. Ya 1968 ilionwa tarehe 16 Julai na Jack Bennett wa Afrika Kusini, kwa jicho, kupitia darubini ya milimita 125 hivi, wakati anatafuta nyota mkia. Ni watu wachache sana tangu darubini ivumbuliwe waliowahi kugundua supanova kwa kuchungulia tu. Ya 1983 iliangukia kwa Robert Evans wa Australia, tarehe 3 Julai, naye kwa jicho. Tarehe zote mbili ni katikati ya kiangazi chetu. Kwa umbali ule, supanova inafika mng'ao wa kati ya 9 na 12, na darubini ya milimita 150 chini ya anga nyeusi inaifikia.

Ili uijue nyota mpya lazima ujue za zamani. Mbele ya M83 kuna nyota kadhaa hafifu za galaksi yetu, moja moja zimekaa juu ya ukungu wake, na kila mwaka kuna anayedhani kagundua kitu. Chora. Duara la sentimita 10 kwenye karatasi, penseli laini, kiini kwanza, halafu nyota zote unazoziona ndani ya duara, halafu ukungu kwa kupaka kidole. Andika juu ni wapi na magharibi ni wapi. Magharibi ni upande ambao nyota zinaelekea na kutoweka duarani ukiiacha darubini bila kuigusa. Rudia mwezi unaofuata wa giza bila kuangalia mchoro wa kwanza, ndipo uilinganishe.

Ikitokea nyota ambayo haimo kwenye mchoro wowote wala kwenye ramani ya programu ya Stellarium, subiri saa nzima uitazame tena; ikiwa imesogea ukilinganisha na jirani zake, ni asteroidi. Ikiwa haijasogea, muombe mwenzako wa mahali pengine aitazame usiku huo huo, kisha angalia orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ya vitu vipya kama imeshaandikwa. Taarifa unayotuma iwe na umbali na upande kutoka kwenye kiini, mng'ao kwa kulinganisha na nyota mbili zilizo karibu, na saa. Kwenye saa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu taarifa hizo huandikwa kwa saa ya dunia. Saa tatu usiku yetu ni 21:00. Toa 3, andika 18:00. Na ukiiona saa nane usiku ya kuamkia tarehe 6, hiyo ni 23:00 ya tarehe 5.